Mbwa wa Kunyonyolewa kwa Mkono

Teria mwenye manyoya magumu hapukutishi manyoya kama mbwa wengine. Anayefuga Labrador hana haja ya kuambiwa: zulia, suruali ya kazini, kiti cha gari, kote ni manyoya. Kwa teria, unywele wa juu ukishakomaa hufa lakini hauanguki. Hubaki kwenye kinyweleo chake wiki nyingi, mkavu, ukisubiri kitu cha kuuvuta. Zamani kilichouvuta kilikuwa mchongoma, au jiwe la mlangoni mwa shimo la mbweha. Baadaye kikawa kidole gumba na kidole cha shahada cha binadamu. Siku hizi, katika maduka mengi ya kutunzia mbwa, hauvutwi na chochote. Hukatwa kwa mashine ya umeme, mbwa akarudi kwao nadhifu, na akishanyolewa hivyo mara kadhaa huwa amevaa manyoya ambayo babu zake hawakuwahi kuwa nayo.

Mimi ni mtu wa Nakuru, ila riziki yangu naipata Shipley, kaskazini mwa Uingereza, karibu na mto Aire, kwa kazi hiyohiyo ya vidole. Aliyenifundisha ni bibi mmoja wa Bingley aliyelea teria tangu usichana wake. Kabla ya kuniruhusu kumgusa mbwa alinisimulia kwanza mbwa hawa walikotoka, kwa kuwa aliamini asiyejua manyoya haya yalikuwa ya kazi gani atayaharibu tu, hata awe na mkono mwepesi vipi. Ninayoandika ni hayo aliyonipa, pamoja na niliyoyasoma baadaye, na nina jambo moja la kutetea: manyoya ya teria ni kazi ya mikono kwa kiasi kilekile yalivyo kazi ya damu. Mikono ikiyaacha, damu peke yake haitoshi kuyalinda.

Teria ni mbwa wa mashimoni. Kitabu cha uwindaji kilichochapwa St Albans mwaka 1486 kinamtaja, na mwaka 1570 daktari John Caius wa Cambridge, akiandika kwa Kilatini juu ya mbwa wa Uingereza, alieleza habari za mbwa wanaoingia chini ya ardhi kumfuata mbweha. Hakuwa mbwa wa kupambwa. Alilala zizini, akala makombo, na kazi yake ilikuwa kuua wanyama waharibifu waliomaliza kuku na wanakondoo. Kwa kazi hiyo alihitaji vazi la tabaka mbili. Chini, karibu na ngozi, sufu laini na nzito yenye mafuta kidogo, ya kuzuia baridi na maji. Juu yake nywele ngumu kama waya, zilizolala, ambazo matope hukauka juu yake na kupukutika, na meno ya mbweha huteleza kabla ya kufika kwenye nyama. Mbwa mwenye manyoya laini akiingia shimoni hutoka amebeba nusu ya shimo. Mwenye manyoya mafupi matupu hutoka amechanika.

Mbwa huyo aliyeingia na kutoka kwenye vichaka vya miiba kila wiki, nywele zake zilizokufa hazikukaa sana. Ziling'olewa na kazi yenyewe. Zilizobaki mgongoni na shingoni mwenye mbwa alizivuta kwa vidole zilipoanza kusimama ovyo. Huo ndio mwanzo wa ufundi huu wote, na napenda ukumbukwe, kwa sababu wako wanaodhani kunyonyoa teria ni ukatili uliobuniwa na watu wa maonyesho.

Mwaka 1819 kijana John Russell, aliyekuwa bado anasoma Oxford akijiandaa kuwa mchungaji, alimnunua kwa muuza maziwa mbwa jike aliyeitwa Trump. Masimulizi yanasema alikuwa mweupe, mwenye baka la kahawia juu ya kila jicho na sikio, na doa moja kwenye shina la mkia. Manyoya yake yalikuwa mazito, yamebanana, na yamejikunja kidogo kama waya, ya kutosha kumkinga na mvua na baridi. Picha yake iliyochorwa baadaye ilipata nafasi Sandringham, kwenye nyumba ya wafalme. Mbwa huyo ndiye watu wengi humhesabu kuwa bibi wa foksi teria wa manyoya magumu. Ukiitazama picha yake baada ya kumwona foksi teria wa maonyesho ya leo, mwenye miguu minene iliyonyooka na ndevu zilizochongwa pembe nne, unaweza kudhani ni wanyama wawili wasiojuana. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo iko kwenye vidole vya watu.

Huku kwetu bonde la Aire mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana ni mahali ninapopapenda.

Katikati ya karne ya 19 Bradford na vijiji vyake vilikuwa vinaishi kwa sufu. Kabla ya mashine, sufu ndefu ilichanwa kwa mkono majumbani: machanuo ya chuma yenye meno marefu yakapashwa moto juu ya jiko la mkaa, sufu ikapakwa mafuta, ikavutwa mpaka nywele ndefu zitengane na fupi. Mwaka 1845 wachanaji wenyewe waliunda kamati iliyopita nyumba kwa nyumba ikaandika ripoti juu ya hali yao: familia zikilala kwenye chumba kilekile jiko la mkaa linapowaka usiku kucha. Miaka michache baadaye mashine za Samuel Lister na Isaac Holden ziliwamaliza. Mwaka 1853 Titus Salt alifungua kiwanda chake kikubwa Saltaire, ambacho mpaka leo naweza kukifikia kwa miguu kutoka dukani, na watu wa bonde wakaingia viwandani, wake kwa waume, kushughulika na sufu ya kondoo na ya alpaka kutoka Peru.

Watu hao ndio waliomtengeneza teria wa Airedale. Walimchukua teria wa zamani wa kienyeji, mweusi na kahawia, mwenye manyoya magumu, wakamchanganya na mbwa mkubwa wa kuwinda fisi-maji. Kwake wakapata ukubwa, mapenzi ya maji, na manyoya yenye mafuta yanayokauka upesi. Jumamosi kiwanda kikifungwa, wanaume walishuka mtoni na mbwa wao kushindana: panya wa majini anafukuzwa kutoka kwenye tundu lake ukingoni, mbwa wawili wanaingia mtoni kumkimbiza, na pointi zinahesabiwa kwa kumgundua na kwa kumuua. Mbwa waliitwa majina ya hapahapa, teria wa ukingo wa maji, teria wa Bingley, mpaka maonyesho ya kilimo ya bonde hili yalipowapa jina la Airedale, na Kennel Club, chama cha kusajili mbwa cha Uingereza, ikawaandikisha kwa jina hilo mwaka 1886.

Siwezi kuwafikiria watu wale bila kufikiria vidole vyao. Mtu aliyezoea kuchambua sufu kutwa, akijua kwa kuigusa tu ipi ndefu, ipi laini, ipi ngumu isiyoshika rangi, akirudi nyumbani jioni na kumpapasa mbwa wake, anasoma. Atajua sufu ya ndani imeanza kujaa na nywele za juu zimeiva. Kwa maoni yangu, si bahati tu kwamba mbwa mwenye manyoya yaliyopangika hivi alitoka kwenye bonde la wachanaji.

Maonyesho ndiyo yaliyoibadili kazi hii. Ya kwanza yanayojulikana yalifanyika Newcastle mwaka 1859, ya mbwa wa bunduki tu. Kennel Club ilianzishwa mwaka 1873, chama cha foksi teria mwaka 1876, na mwaka 1886 Charles Cruft, mfanyabiashara aliyekuwa akiuza biskuti za mbwa, aliandaa maonyesho makubwa ya teria jijini London, kabla ya kuanza maonyesho yanayoitwa Crufts mwaka 1891. Ghafla mbwa wa zizini akawekwa mezani mbele ya jaji, kwenye mwanga, akilinganishwa na mwenzake. Unywele mmoja uliosimama vibaya ukawa na bei.

Ndipo vurugu zilipoanza. Mbwa weupe walisuguliwa chaki ili wang'ae na manyoya yaonekane magumu kuliko yalivyo. Wengine walinyolewa, wengine waliunguzwa ncha za nywele kwa moto, wengine wakanyonyolewa hata nywele changa zilizoshika imara ili shingo ionekane ndefu. Kanuni za Kennel Club za mwanzoni mwa karne ya 20 zilijaribu kuchora mstari, na mstari wenyewe naona ulichorwa na mtu aliyejua kazi. Ziliruhusu kuondoa manyoya ya zamani yanayotoka na sufu iliyolegea, mradi chanuo linalotumika lisiwe na makali ya kukata. Kukata, kuunguza, au kunyonyoa nywele mpya zilizoshika kulimwondoa mbwa mashindanoni. Maana yake ni kwamba kilichokufa ni halali kukitoa, kilicho hai kiachwe. Mafundi wa maonyesho waliushinda mstari huo mwishowe, lakini mimi bado naufuata kila siku, na mbwa wenyewe wanakubaliana nao. Unywele uliokufa ukivutwa mbwa hata hageuki. Ulio hai ukivutwa, utajua.

Hivi ndivyo inavyokwenda. Mbwa hakogeshwi kabla, kwa sababu maji hulainisha unywele ukateleza. Nampandisha mezani na kumchana kwanza mpaka chanuo lipite bila kukwama. Napaka vidole chaki kidogo. Mkono wa kushoto unaishika ngozi ya shingo na kuivuta ikaze, isiwe na mkunjo. Wa kulia unashika nywele chache sana kwenye ncha, si shinani, na kuzivuta kufuata zilikolala, kwa mkupuo mfupi wa mkono mzima badala ya kifundo. Zinatoka bila upinzani. Ukizitazama mwisho wake, shina lina kinundu kidogo cheupe, kilichokauka. Hakuna damu, hakuna majimaji. Natoka shingoni kwenda mgongoni, kisha ubavuni, kichwani, mashavuni. Masikio nayashika taratibu zaidi. Tumboni na kinenani sinyonyoi kabisa, ngozi ya huko ni nyembamba mno, hapo natumia mkasi. Kisu cha kazi hii kipo, chenye meno mafupi, lakini lazima kiwe butu, maana kazi yake ni kusaidia kidole kushika. Kikipata makali kinageuka wembe, na mbwa amenyolewa bila mwenye mbwa kujua. Airedale mzima huchukua saa nyingi. Mbwa akichoka tunaahirisha mpaka kesho yake. Wengi husinzia wamesimama.

Karne ya 20 ilipoanza, foksi teria wa manyoya magumu alikuwa amepanda mpaka ikulu. Caesar, mbwa wa Mfalme Edward VII, alitembea nyuma ya jeneza la bwana wake mwaka 1910, mbele ya wafalme wa Ulaya. Airedale naye aliingia vitani. Luteni Kanali Edwin Richardson, aliyeanzisha shule ya mbwa wa vita Shoeburyness mwaka 1917, aliwathamini sana kwa kubeba barua kwenye mahandaki. Hakuna aliyewachonga ndevu huko. Vazi lao lilirudia kazi yake ya asili, kupambana na matope na baridi.

Marekani ndiko ufundi wa maonyesho ulikofika kileleni. Maonyesho ya Westminster, New York, yalianza kumtangaza mshindi wa mbwa wote mwaka 1907, na hakuna aina iliyoshinda mara nyingi kama foksi teria wa manyoya magumu: mara 15, ya mwisho mwaka 2019. Waingereza waliokulia kwenye mabanda ya mbwa walivuka bahari na vidole vyao. Mmoja wao, Percy Roberts, aliwaongoza ulingoni washindi kama Flornell Spicy Bit mwaka 1934 na Flornell Spicy Piece mwaka 1937. Watu hao hawakumnyonyoa mbwa mara moja kwa msimu. Walipanga miezi kabla: leo mgongo, baada ya wiki mbili ubavu, kisha shingo, ili siku ya jaji kila sehemu iwe na urefu wake, sufu ya ndani ikionekana mahali panapotakiwa kujaa na kuondolewa panapotakiwa kubana. Nawaheshimu mno kwa ufundi, ingawa mimi binafsi nampenda zaidi Border teria, aliyeandikishwa mwaka 1920 na kuachwa na umbo lake la mbwa wa shamba.

Mtu mmoja Ubelgiji alimfanya foksi teria ajulikane hata kwa wasiowahi kumwona. Mwaka 1929 Hergé alianza kuchora hadithi za Tintin, na Milou, mbwa mweupe anayemfuata kila mahali, ni foksi teria wa manyoya magumu. Hadithi ya pili ilimpeleka Kongo, na vitabu hivyo, pamoja na ubishi wake wa haki juu ya namna Waafrika walivyochorwa, vimesomwa sana hata huko.

Hatima ya ufundi huu haikuamuliwa na majaji wala wachoraji. Iliamuliwa na mashine. Mashine za umeme za kunyolea zilienea kuanzia miaka ya 1920, kwanza kwa vinyozi wa watu, kisha kwa mbwa. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, mbwa wengi wakawa wa nyumba za mjini, hawaingii kichakani, na wenye mbwa wakawa watu wa ofisini wanaotaka kumwacha mbwa asubuhi na kumchukua mchana. Kunyoa huisha haraka na bei yake ni ndogo. Naelewa kabisa kwa nini mwenye duka huchagua mashine, kwani kodi ya pango haisubiri.

Lakini mashine hufanya nini? Unywele wa waya hauna unene mmoja. Upande wa ncha ni mnene, mgumu, wenye rangi iliyokolea. Karibu na ngozi ni mwembamba na hafifu. Ukiukata, unatupa nusu iliyo nzuri na kumwachia mbwa ile dhaifu. Shina lililokufa nalo linabaki kwenye kinyweleo, na sufu ya ndani inaota juu yake bila kizuizi. Mara ya kwanza tofauti ni ndogo. Mara ya tatu au ya nne, Airedale aliyekuwa na mgongo mweusi na miguu ya rangi ya mdalasini anakuwa wa kijivu na wa mchanga mchanga, na manyoya yanashika kila tone la mvua. Mwenyewe anadhani mbwa amezeeka.

Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na maabara ya Elaine Ostrander, Marekani, walichapisha katika jarida la Science utafiti ulioonyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti za manyoya ya mbwa hutokana na jeni tatu tu. Ile inayoitwa RSPO2 ndiyo inayoleta ugumu wa waya, pamoja na ndevu na nyusi. Ikijumuishwa na KRT71, ya kujikunja, unapata manyoya ya Airedale. Niliposoma nilifurahi, kisha nikaona pengo ambalo utafiti wenyewe haukukusudia kulijaza. Airedale aliyenyolewa miaka mitano ana jeni zilezile kabisa za ndugu yake anayenyonyolewa. Damu ni moja. Ukiwasimamisha pamoja, mgeni atakwambia ni mbwa wa aina mbili.

Simlaumu kila anayenyoa. Mbwa mzee mwenye ngozi iliyochoka, mgonjwa asiyeweza kusimama, mbwa aliyehasiwa ambaye manyoya yake yamegeuka pamba na hayavutiki tena, hao nawanyoa mimi mwenyewe. Ninachopigania ni kwamba mwenye mbwa mwenye afya aambiwe ukweli kabla mashine haijawashwa, na asikie kwamba iko njia nyingine. Aina kadhaa za teria hawa, kama Sealyham wa Wales na Dandie Dinmont wa mpakani mwa Uskoti, sasa wamo kwenye orodha ya Kennel Club ya mbwa wa asili walio hatarini, wale ambao watoto wanaosajiliwa kwa mwaka hawafiki 300. Sababu ni nyingi, mitindo hubadilika, ila nimesikia mara nyingi mtu akisema angempenda mbwa wa namna hiyo asingekuwa na kazi ya manyoya.

Kazi hiyo si kubwa ukiigawa. Mteja akitaka kujifunza namkalisha na mbwa wake mezani pangu bila malipo. Namwonyesha kuinua nywele za mgongoni kwa kidole kinyume na zilikolala, kuona zipi zimepita wenzake kwa urefu, na kuvuta hizo tu, chache chache, kwa robo saa, mara moja kwa wiki. Baada ya miezi mitatu hivi mbwa anakuwa na tabaka tatu za nywele za juu kwa pamoja: zinazochipua, zinazokua, na zilizoiva za kuvutwa wiki hiyo. Hapiti tena kipindi cha uchi, na rangi haififii. Wanaofanya hivyo hurudi kwangu kwa ajili ya nyayo, masikio na ndevu pekee, kwa hiyo napata pesa kidogo kwao, na nimeridhika. Dereva mmoja wa basi wa Keighley alianza na Airedale wake. Sasa ananyonyoa pia Border teria wawili wa jirani, kila Jumapili, kwenye meza ya bustanini.